Wanakariri vizuri darasani, wanakwama sokoni: igizo dhima katika darasa la Kiswahili kwa wageni

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Moshi. Darasa langu lina watu tisa: wauguzi wawili wanaojitolea hospitalini, mtafiti mmoja, wenzi wa watu walioajiriwa huku, na mzee mmoja mstaafu. Kila wiki nawapa mazungumzo ya sokoni, ya kwenye daladala au ya hospitali, wanayakariri na kuja kuyaigiza mbele ya wenzao. Darasani wanafanya vizuri sana. Wakifika soko la Mbuyuni wanakwama kwenye sentensi ya pili na kurudi kwenye Kiingereza. Nikiwaambia waigize bila maandishi, wanahamia Kiingereza humo humo darasani. Mzee wangu amekataa kabisa kuigiza. Na sijui niwasahihishe wakati gani. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwalimu, na pole na kazi.

Wanafunzi wako hawana tatizo la bidii. Mtu aliyekariri mazungumzo ya ukurasa mzima na kuyasema bila kusita amefanya kazi kubwa, ila ni kazi ya kumbukumbu. Kuzungumza kunadai mambo mengine: kumsikiliza mtu usiyejua atasema nini, kumwelewa papo hapo, na kutafuta la kumjibu huku anakusubiri. Katika mazungumzo ya kukariri hayo yote hayapo. Mnunuzi anaijua bei kabla hajaiuliza, na muuzaji anajua kuwa mteja atakubali. Mama wa Mbuyuni hajaisoma karatasi yenu. Akiulizwa bei ya nyanya anaweza kujibu, "Za fungu au za sado?" (sado ni kopo la kupimia) na hapo ile sentensi ya pili aliyoikariri mwanafunzi haina tena pa kukaa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo. Waondolee karatasi ya mazungumzo. Wape kadi mbili tofauti, na kila kadi iwe na jambo ambalo mwenzake halijui na analihitaji. Walimu wa lugha huliita pengo la habari. Likikosekana, igizo dhima, yaani zoezi la kuzungumza kwa kushika nafasi ya mtu fulani, linakuwa kusoma kwa sauti tu, hata kama wanafunzi wamesimama na wamevaa kanga.

Hebu nikuonyeshe kadi za sokoni. Hii ni ya muuzaji:

"Unauza viazi, vitunguu, mananasi na mihogo. Viazi: sado moja 7,000, unaweza kushuka hadi 6,000. Vitunguu: fungu moja 1,000, bei haipungui, lakini unaweza kumwongezea mteja kidogo. Mananasi: yamebaki mananasi matatu, 2,500 kila moja, mwisho 2,000. Nanasi moja limeanza kuoza upande wa chini. Ukiulizwa sema ukweli, usipoulizwa nyamaza. Huna chenji yoyote."

Na hii ni ya mnunuzi:

"Jioni unatarajia wageni. Unahitaji viazi sado moja, vitunguu fungu moja na mananasi mawili. Una noti moja ya 10,000. Lazima ubaki na nauli ya 1,000."

Piga hesabu. Hata muuzaji akishuka mpaka mwisho, vitu vyote vinafika 11,000, na mnunuzi ana 9,000 tu za kutumia. Nimeipanga hivyo makusudi. Atalazimika kuomba apunguziwe, kisha kuchagua: aache nanasi moja, au achukue nusu sado ya viazi, au aombe akopeshwe. Akishamaliza kuchagua anakuta hakuna chenji, na yeye anataka nauli yake. Mmoja wao atakwenda kuiomba kwa jozi ya jirani, ambao nao wako katikati ya mabishano yao. Mwanafunzi anayevuka chumba kwenda kusema "Samahani, mna chenji ya elfu kumi?" anasema kitu ambacho hukumwandikia, na anakisema kwa sababu anakihitaji.

Angalia pia bidhaa zenyewe. Viazi na vitunguu ni vya ngeli ya KI-VI, mananasi ni ya JI-MA, mihogo ni ya U-I. Ukiongeza ndizi, una I-ZI. Mnunuzi hawezi kununua bila kupatanisha: vitunguu vitatu, mananasi matatu, mihogo mitatu, ndizi tatu. Hili ndilo somo la ngeli ambalo wageni wengi hulisoma kwenye jedwali kwa miezi na bado wakasema "nanasi tatu". Usiwatangazie kwamba leo tunafanya ngeli. Chagua bidhaa vizuri na upatanisho utafanya kazi yenyewe. Ndiyo maana kwenye kadi ya muuzaji nimeandika "mananasi matatu" kwa ukamilifu: umbo sahihi liko mkononi mwa mmoja wao, na mwenzake atalisikia.

Mazungumzo ya namna hii utayasikia sana:

— Nataka nanasi mbili.
— Mananasi? Unataka mawili?
— Ndiyo, mawili. Hii ni nzuri?
— Hili zuri. Hili hapa limeoza kidogo chini.
— Limeoza? Basi nipe hizi… haya mengine.

Hakuna mwalimu aliyeingilia hapo. Muuzaji alitaka tu uhakika wa idadi, akauliza kama muuzaji yeyote anavyouliza, na mnunuzi akapata "mawili". Mwishoni akajisahihisha mwenyewe. Mwaka 1985 mtafiti wa lugha Merrill Swain aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliokuwa wakisomeshwa masomo ya shule kwa Kifaransa. Baada ya miaka, kuelewa kwao kulikaribia kule kwa wenyeji wa lugha, lakini kusema na kuandika kulibaki nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba kusikia na kuelewa peke yake hakutoshi. Mtu akisukumwa kusema ili aeleweke ndipo anapogundua anachokosa. Hiyo "hizi… haya" ni ugunduzi wa aina hiyo, na ni kitu cha thamani kuliko mazungumzo mazima yaliyokaririwa bila kosa.

Hili linanileta kwenye swali lako la kusahihisha. Wakati igizo linaendelea, usisahihishe. Zunguka na daftari, kaa pembeni yao, andika unachosikia. Ingia pale tu ambapo wamekwama kabisa, na uingie kama mtu wa sokoni: uwe mteja wa tatu aliyepita, uulize swali litakalowafungulia njia. Unaposimamisha mazungumzo ili kurekebisha ngeli, wanafunzi wanaacha kufikiria viazi na wanaanza kukufikiria wewe.

Lakini usitegemee kwamba kulirudia neno kwa usahihi kunatosha. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa kama hayo ya Kifaransa huko Kanada, na mwaka 1997 wakaandika kwamba njia ya walimu ya kurudia kauli ya mwanafunzi kwa usahihi ndiyo iliyotumika zaidi, na ndiyo iliyoitikiwa kidogo zaidi na wanafunzi. Wengi hawajui kama wamesahihishwa. Wanadhani mwalimu anakubaliana nao. Kwa hiyo igizo likiisha, andika ubaoni sentensi tano au sita ulizozisikia, bila majina. Changanya zenye makosa na zilizo nzuri. Waachie wao watafute lipi ni lipi. Kisha, na hapa ndipo walimu wengi huishia njiani, waigize tena.

Kuigiza tena ndiyo nusu ya pili ya zoezi. Badilisha wenza: wanunuzi wasogee kwa muuzaji anayefuata, kadi zikiwa zile zile. Kisha mara ya tatu, safari hii wabadilishane majukumu. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha wa New Zealand, ameeleza zoezi ambalo mwanafunzi anasimulia jambo moja kwa wasikilizaji watatu tofauti, kwanza dakika 4, kisha 3, kisha 2. Ile ni simulizi ya mtu mmoja, na igizo ni la watu wawili, lakini wazo linahamishika. Mara ya kwanza akili yote inatafuta cha kusema. Mara ya tatu cha kusema kipo, na akili inapata nafasi ya kushughulikia namna ya kukisema. Utasikia tofauti kwa masikio yako: kusitasita kunapungua, "punguza kidogo, mama" inatoka kwa pumzi moja.

Na wote waigize kwa wakati mmoja. Huhitaji jukwaa. Jozi moja ikisimama mbele, watu saba wamekaa kimya wanasubiri zamu au wanaogopa zamu. Kwa watu tisa fanya jozi tatu na kundi moja la watatu. Yule wa tatu awe muuzaji wa meza ya jirani mwenye bei tofauti. Kelele zitakuwepo, na soko lina kelele. Maonyesho ya kukariri yana mahali pake. Mkitaka kuwaalika watu Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, yatumieni. Ila usiyahesabu kama mazoezi ya kuzungumza.

Sasa Kiingereza. Wewe unaona wanakimbilia Kiingereza kwa sababu wameachwa bila maandishi. Mimi naona kwa sababu wameachwa bila vifaa vya kujiokoa. Mtu akikosa neno moja katikati ya mazungumzo na hana njia ya kulizunguka, lugha nyingine ndiyo mlango ulio wazi. Kabla ya igizo la kwanza, tumia kipindi kizima kuwafundisha kuomba msaada kwa Kiswahili: "Sijaelewa." "Sema tena, tafadhali." "Polepole kidogo." "Hii inaitwaje?" "Kile cha kukatia nyama." "Yale majani ya kutia kwenye chai." Yaandike kwa herufi kubwa ukutani. Kisha wape mchezo wa kuomba vitu dukani bila kujua majina yake: kizibuo, chujio, kibiriti, pini. Muuzaji aulize maswali mpaka apate. Mwanafunzi anayejua kusema "kile kitu cha kuchujia chai" hana haja ya Kiingereza Mbuyuni.

Tazama pia ugumu wa kadi. Kama hawajawahi kusikia "sado" wala "fungu", kadi yangu ile ni mtihani. Siku moja kabla, waletee vitu halisi darasani, wavishike, wavitaje, wavipange kwa mafungu. Kwa wanaoanza kabisa, kadi iwe na picha na tarakimu tu, bila sentensi. Ukiwaandikia sentensi za Kiswahili watazisoma, na ukiwaandikia Kiingereza watatafsiri.

Kuna jambo hukuliuliza lakini nisingependa lipite. Salamu. Mazungumzo mengi ya vitabu yanaanza na "Bei gani?" na hapo mwanafunzi anafundishwa kufanya asichofanya mtu mwenye adabu. Ongeza mstari kwenye kila kadi unaosema mtu huyu ni nani: mama wa miaka sitini, kijana wa rika lako, fundi uliyegombana naye juzi, jirani aliyetoka kuugua. Usiandike salamu yenyewe. Mwanafunzi ndiye aamue kama ni shikamoo, habari za tangu juzi, au pole, unaendeleaje. Kadi ikibadilika, salamu ibadilike. Mgeni anayemwamkia shikamoo kijana wa rika lake, na mgeni anayemwambia bibi wa watu "mambo", wote wana sarufi sahihi na wote wamekosea.

Kwa wauguzi wako wawili, tenga kazi maalumu, maana makosa yao yana gharama zaidi ya viazi. Wao watakuwa wauguzi, na wenzao wagonjwa au wazazi. Mtego wa mazungumzo ya hospitali ya kwenye vitabu ni kwamba mgonjwa anaongea kama daktari: "Nina maumivu ya kichwa na homa." Wagonjwa halisi husema kichwa kinagonga, tumbo linanyonga, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio, mtoto amechemka usiku kucha. Kwenye kadi ya mgonjwa andika maneno hayo. Mfano:

"Umemleta mwanao wa mwaka mmoja. Anaharisha tangu juzi, jana alichemka, leo hanyonyi vizuri. Nyumbani ulimpa dawa iliyobaki ya mtoto wa kwanza. Unaona aibu kulisema hilo. Utalisema ukiulizwa kwa upole tu."

Muuguzi kwenye kadi yake ana mambo ya kujua: imeanza lini, mara ngapi kwa siku, anakunywa au hanywi, amepata dawa gani. Utaona anayeuliza "Umempa dawa?" kwa sauti ya polisi anajibiwa "Hapana", na anayeanza na "Pole mama, umehangaika, na nyumbani ulijaribu kumsaidiaje?" anapata ukweli. Darasa zima linajifunza upole ni sehemu ya lugha, na wewe hujatoa hotuba yoyote. Mwisho wa igizo muuguzi atoe maelekezo ya dawa, "kijiko kimoja kutwa mara tatu", na mama lazima ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Akirudia vibaya, kazi haijaisha. Wafundishe pia maneno ya staha: kupata choo, haja ndogo, haja kubwa. Muuguzi wa kigeni akijua njia moja tu ya kuuliza mambo hayo, na njia hiyo ikawa kali, wagonjwa watamnyamazia.

Daladala ni nyepesi, usiipe zaidi ya nusu saa. Panga viti viwili viwili, mmoja awe konda, kila abiria awe na kituo chake na nauli yake, wawili kati yao wawe na vituo ambavyo gari limeshavipita. "Shusha hapo mbele!" isemwe kwa sauti inayosikika hadi mbele, hilo ndilo somo.

Saa nazo ziingize ndani ya kila igizo badala ya kuzipa somo lao peke yao. Kadi ya fundi iseme yupo kuanzia saa 3 asubuhi, ya mteja iwe na picha ya saa ya ukutani inayoonyesha nafasi zake. Kama watakubaliana vibaya, waache wagundue wenyewe mwishoni mmoja alikuwa na saa 3 na mwingine saa 9.

Baada ya wiki kadhaa, mlete mgeni darasani. Kama mnajuana na mama anayeuza Mbuyuni, au mpishi wa chuoni kwenu, mwalike kwa saa moja na umlipe muda wake. Asifundishe, auze. Hili ni daraja kati ya darasa na soko, na wanafunzi wengi hulihitaji, kwa sababu mwenzao wa darasani anaongea polepole na ana msamiati wao wao. Mama haoneshi huruma ya mwalimu. Anaunganisha maneno, anatania, anauliza "Umeolewa? Una watoto?" katikati ya hesabu. Siku mtakapokwenda sokoni kweli, kila mmoja awe na kazi ya kurudi nayo, kama bei ya sado ya viazi kwa wauzaji wawili tofauti, na kila mmoja awe na sentensi moja mdomoni: "Samahani, tuongee Kiswahili, ninajifunza." Mji wenu umezoea watalii, na wauzaji wengi huhamia Kiingereza kwa ukarimu tu. Wakiombwa, hurudi.

Kitu kimoja nakusihi usikifanyie igizo: msiba. Nimeona masomo ambapo mwanafunzi mmoja anajifanya amefiwa, wengine wanaingia na "poleni kwa msiba", kisha mtu anacheka kwa sababu ya hofu tu. Wafundishe maneno, wafundishe kukaa kimya, kuchangia rambirambi, kutokuuliza maswali mengi, kuvaa ipasavyo. Wayarudie mpaka yatoke vizuri. Lakini usimpe mtu kadi ya kufiwa. Huwezi kujua nani kati ya hao tisa amezika mwaka huu.

Nimemwacha mzee wako mwisho kwa sababu kwake ushauri unabadilika. Usimlazimishe, na usimwulize mbele za watu kwa nini hataki. Watu wazima wengi wanaokataa hawaikatai lugha. Wanakataa kujifanya mtu wasiye, mbele ya watu walio wadogo kwao kwa miaka thelathini. Basi asijifanye. Abaki yeye mwenyewe. Baada ya kipindi, mkiwa wawili, muulize wiki hii kuna jambo gani linamsumbua nyumbani. Huenda bomba linavuja, au anahitaji barua kwa mwenyekiti wa mtaa, au mbwa wa jirani anamnyima usingizi. Wewe uwe fundi bomba ambaye hasemi atakuja lini, na yeye awe yeye, na bomba lake, na pesa zake. Fanyeni mara tatu, na kila mara fundi awe na kisingizio kipya. Kisha apige simu kwa fundi wa kweli, ukiwa umekaa karibu naye. Wiki inayofuata, kama ataridhia, awasimulie wenzake fundi alisema nini, na wao wamuulize maswali wakiwa wameketi.